Nani Alijengewa Darasa la Mawe?

Shule kongwe ya Nairobi huwa na tarehe mbili za kuzaliwa, ya shule na ya jengo, na mara nyingi zimepishana kwa miaka mingi. Ya kwanza huchorwa langoni na kuchapishwa kwenye fulana za sherehe ya miaka 75 au 100. Ya pili haiulizwi na mtu, hadi bodi ya shule inapokaa kuamua ni banda lipi liondolewe ili ghorofa lipate nafasi. Hoja inayotolewa siku hiyo ni ile ile: jengo ni zee, kwa hiyo ni hatari.

Hoja hiyo ni dhaifu. Uzee hauangushi ukuta. Ukuta huangushwa na maji, mchwa, udongo na ukarabati wa kubahatisha, na yote manne huonekana mapema kwa mwenye kutazama. Darasa lililoporomoka eneo la Dagoretti Septemba 2019 na kuua watoto halikuwa jengo la enzi ya ukoloni. Lakini hata tukiuweka usalama kando, kuna swali ambalo bodi hazijiulizi kabla ya kumwita mwenye tingatinga: kati ya madarasa ya kale ya mji huu, ni yapi yamesalia, na kwa nini ni hayo?

Nairobi ilianza kama kambi ya reli. Njia kutoka Mombasa ilifika hapa Mei 1899, na kwa miaka ya mwanzo karibu kila kilichosimama kilikuwa cha mbao na mabati, sakafu ikiwa imeinuliwa juu ya nguzo fupi. Ulikuwa ujenzi wa haraka na wa kubomoleka, maana wengi waliamini mji ungehamishwa kutoka kwenye kinamasi kile. Tauni ilipozuka 1902, bazaa ya Wahindi ilitiwa moto kwa amri ya afisa wa afya. Mji ulioanza hivyo haukuweka akiba ya majengo yake ya kwanza.

Ubaguzi wa elimu ulipewa maandishi yake mwaka 1909, pale Profesa Nelson Fraser, aliyeletwa kutoka India kuishauri serikali, alipopendekeza watoto wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika wapangiwe elimu kila kundi kivyake, na ya Mwafrika iegemee kazi za mikono. Idara ya Elimu ilipoanzishwa 1911 ilirithi mpango huo. Tangu hapo fedha za ujenzi zilifuata rangi ya mtoto, na mawe yakafuata fedha.

Tazama kilichojengwa upande wa Kabete. Shule ya Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School, ilichorwa na Herbert Baker, yule yule aliyechora Union Buildings za Pretoria na kushiriki kuijenga New Delhi. Jiwe la msingi liliwekwa 1929, shule ikafunguliwa 1931. Ina varanda ndefu zenye matao na paa la vigae, na imekaa juu ya udongo mwekundu usiotuamisha maji. Hayo ni majengo ya watu walioamini hawataondoka.

Shule ya watoto wa Kihindi ilianza 1906 chini ya usimamizi wa shirika la reli, kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wake. Ndiyo iliyokuja kukaa Ngara, ikaitwa Duke of Gloucester, na baada ya uhuru ikawa Jamhuri High School. Hapa historia ya ujenzi ina utamu wake, kwa kuwa jamii iliyosomesha watoto Ngara ndiyo iliyokuwa na mafundi wa mawe. Waashi na maseremala kutoka Kutch na Punjab walijenga sehemu kubwa ya Nairobi ya mawe, zikiwemo nyumba na ofisi ambazo wao wenyewe hawakuruhusiwa kukaa. Mkono wao hutambulika kwenye pembe za jengo: jiwe la kona limechongwa ukingo laini wa upana wa vidole viwili, katikati likaachwa na uso uliobenuka, na viungo vya mawe ni vyembamba kiasi kwamba sarafu huingia kwa taabu.

Kwa Mwafrika hali ilikuwa nyingine. Mji ulimhesabu kama mpangaji wa muda, na mpangaji wa muda hajengewi kwa mawe. Kijiji cha Pangani kilichokuwa na Waislamu wengi, nyumba zake za fito na udongo, kiliondolewa kufikia mwisho wa miaka ya 1930 na watu wakapelekwa Shauri Moyo. Watoto wa mitaa kama hiyo walisoma chini ya makanisa, misikiti na kumbi za mitaa, katika vyumba ambavyo asubuhi ni darasa na Jumapili ni ibada. Nje ya mji, wazazi wa Kikuyu waliokorofishana na wamisheni kuanzia 1929 walijenga shule zao huru kwa mbao, mabati na michango ya senti. Chuo chao cha ualimu cha Githunguri kilifunguliwa 1939 chini ya Mbiyu Koinange, kikafungwa 1952 baada ya hali ya hatari kutangazwa, na mahali pale serikali ikapageuza pa kunyongea watu. Shule huru nyingine zilifungwa wakati huo huo, na mbao na mabati huhamishika au kuoza bila kuacha alama.

Kuna kejeli moja ambayo wanahistoria wa elimu huipita haraka. Kituo cha kufunza mafundi Waafrika pale Kabete kilianzishwa 1924. Ndicho kilichokua kikawa Kabete National Polytechnic. Kilitoa waashi na maseremala waliofunzwa kuchonga jiwe na kuunganisha kenchi, ufundi wa kujengea shule ambazo watoto wao wasingepokelewa.

Na hata Starehe, shule inayotajwa kwa fahari kila msimu wa matokeo, ilianza 1959 kwa vibanda viwili vya bati, chini ya Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu.

Sasa weka haya yote kwenye mizani ya uhifadhi. Mawe hudumu, bati huliwa na kutu. Anayehifadhi "majengo mazuri ya kale" bila kufikiri zaidi atahifadhi shule za Wazungu kwanza, za Wahindi pili, na za Waafrika akipata nafasi. Atakuwa amerudia ile bajeti ya 1911 bila kuisoma. Msimamo wetu ni kwamba Nairobi imekuwa ikifanya hivyo hasa. Varanda za Baker hazina adui. Kinachobomolewa kila likizo ya Disemba ni safu ya madarasa manne ya mtaani, yenye kuta za mawe ya kawaida, paa la bati na dirisha la chuma, ambayo huenda ndiyo ya kwanza ya kudumu kuwahi kujengewa watoto wa mtaa huo.

Udongo nao umo katika kesi hii. Vilima vya magharibi vina udongo mwekundu, mashariki na kusini kuna udongo mweusi. Udongo mweusi hufura ukinyeshewa na kunywea ukikauka, na Nairobi ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Disemba. Maana yake msingi usiokwenda chini ya tabaka hilo huinuliwa na kushushwa mara mbili kwa mwaka. Mji uliopangwa kwa rangi uliwapa Wazungu udongo mwekundu, na mitaa ya Waafrika ya Eastlands ikapata mweusi. Kwa hiyo mhandisi akikuta darasa la Kabete halina ufa na la Makadara lina nyufa tatu, asikimbilie kusema fundi wa Makadara alikuwa mzembe. Amekuta ramani ya ukoloni imejichora ukutani.

Ndiyo sababu kuyasoma majengo yenyewe ni kazi ya maana, na si ngumu kama watu wanavyodhani. Inahitaji utaratibu na kutilia shaka kila kibao.

Jiwe la msingi, kwa mfano, hutaja siku mgeni rasmi alipolipapasa kwa mwiko, wala si siku watoto walipoingia. Pale Prince of Wales tofauti ni miaka miwili. Kwa shule za harambee inaweza kuwa miaka kumi, michango ikija kwa matone. Jina nalo hupotosha. Nairobi School, Lenana, Jamhuri na Pangani Girls yote ni majina ya baadaye. Faili za zamani ziko chini ya Prince of Wales, Duke of York, Duke of Gloucester na Duchess of Gloucester, na asiyejua hilo atarudi kutoka makavazini mikono mitupu.

Vigae vya paa vina mtego wake. Majengo ya mwanzo yalitumia vigae vya Mangalore, vilivyokuja kwa meli kutoka pwani ya magharibi ya India. Kila kigae kina muhuri wa kiwanda upande wa chini, na vya Basel Mission, shirika la wamisheni lililokuwa na viwanda vya vigae huko India, mara nyingi vina mwaka 1865. Watu wameona mwaka huo na kutangaza kwamba shule ina miaka zaidi ya 150, jambo ambalo lingeifanya iitangulie reli kwa zaidi ya miaka 30! Ule ni mwaka wa kuanzishwa kwa kiwanda. Muhuri hukuambia kitu kingine chenye faida zaidi: Basel Mission ilinyang'anywa biashara zake India wakati wa Vita ya Kwanza, na viwanda vikapita kwa kampuni ya Commonwealth Trust. Jina likibadilika, wakati umebadilika. Lakini kagua vigae vingi, maana paa hutiwa viraka vya miaka tofauti, na kigae kimoja hakithibitishi chochote.

Jiwe husema kwa makovu yake. Jiwe la kijivu la Nairobi ni majivu ya volkano yaliyoshikana, jepesi kukata likiwa bichi kutoka machimboni. Likichongwa kwa mkono huwa na mikwaruzo mifupi ya tindo, iliyoinama upande mmoja, isiyolingana kina. Likikatwa kwa mashine huwa na mistari ya upinde inayorudiwa kwa umbali sawa. Ukuta wenye mawe ya mkono chini na ya mashine juu uliongezwa urefu au ulijengwa upya baada ya kuanguka. Kwa mbao ni vivyo hivyo: msumeno wa mashine huacha mistari ya duara, wa mkono huacha mistari iliyonyooka isiyo na mpangilio. Boriti za mtarakwa na podo huelekea kuwa za zamani. Saiprasi ya mashamba ya serikali ilikuja kutawala baadaye.

Saruji pia ina kalenda. Ile ya mwanzo ililetwa kwa meli na ilikuwa ghali, kwa hiyo waashi waliibana na kutumia chokaa. Kampuni ya East African Portland ilianza 1933, ikisaga klinka (madonge yaliyochomwa ya kutengenezea saruji) iliyoagizwa, na kiwanda cha Bamburi kikaanza kuzalisha 1954. Ukuta ulioungwa kwa chokaa tupu, ambayo hukwaruzika kwa ncha ya msumari na kutoa unga mweupe, una uwezekano mkubwa wa kutangulia miaka hiyo. Ukikuta mkanda wa zege umezunguka jengo zima juu ya madirisha, umri umeshuka. Madirisha ya chuma yenye vioo vidogo yalienea kati ya miaka ya 1930 na 1950, vioo vya luva vikafuata. Na ukiona chumba kirefu chenye meza za zege, mlango mpana na jiko la kujifunzia upishi, hiyo ni karakana au chumba cha sayansi kimu cha mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza 1985 na kuwalazimisha wazazi kujenga kwa harambee. Vyumba hivyo navyo vimeingia katika historia, hata kama waliochangishwa bado wananung'unika.

Baada ya ukuta, karatasi. Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue yana ripoti za mwaka za Idara ya Elimu na za wakuu wa wilaya, na ndani yake hutajwa madarasa yaliyojengwa, mara nyingine pamoja na gharama. Gazeti rasmi la serikali hutaja ardhi iliyotengwa na zabuni. Idara ya upimaji iliyo Ruaraka ina picha za angani, na hizi ndizo hakimu bora kuliko wote: jengo lililopo kwenye picha ya mwaka fulani na halipo kwenye iliyotangulia limejengwa kati ya hizo mbili, hata wazee wa mtaa wabishe vipi. Shuleni kwenyewe tafuta daftari la matukio la mwalimu mkuu na sajili za kuandikisha watoto. Sajili ikionyesha idadi ya wanafunzi imeruka ghafla mwaka mmoja, tafuta madarasa mapya ya mwaka ule au unaofuata. Vitabu hivi huhifadhiwa stoo, chini ya madawati mabovu, na mchwa huvisoma kabla ya mwanahistoria.

Tuje kwenye yale yanayoharibu, kwa kuwa hapa ndipo bodi hupoteza jengo zikidhani limekufa lenyewe.

Linalotangulia mengine yote ni gata. Paa la darasa mbili zilizoungana, mita 20 kwa 8, ni mita mraba 160. Mvua ya milimita 10 tu, ambayo Aprili hunyesha kwa saa moja, humwaga lita 1,600 juu yake. Gata likitoboka, karibu nusu ya maji hayo huangukia mguu wa ukuta mmoja. Jiwe la volkano lina vinyweleo. Hunyonya maji na kuyapandisha. Dalili ni mstari wa unyevu usawa wa goti na unga mweupe wa chumvi. Hapo ndipo kosa la pili hufanywa: anaitwa fundi, anapiga plasta ya saruji nzito, kisha rangi ya mafuta hadi usawa wa bega, ile ya kijani au bluu tuijuayo sote. Ukuta unapendeza kwa muhula mmoja au miwili. Lakini maji yaliyokuwa yakitoka kupitia viungo vya chokaa sasa yamefungiwa. Yanapanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya plasta, uso wa jiwe unapukutika, na plasta inaanguka kwa mapande ikiwa imekwenda na sentimita moja au mbili za jiwe. Mkaguzi akija anaona ukuta uliooza na kuandika "ubomolewe". Kilichouozesha ni dawa yake.

Njia sahihi huanza nje. Tengeneza gata na bomba la kushushia maji, uyaelekeze kwenye tangi au mtaro. Shusha udongo uliorundikana ukutani mpaka uwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu. Bandua plasta ya saruji na uache ukuta upumue, ikiwezekana msimu mzima wa kiangazi. Viungo vilivyolegea vikwanguliwe kwa tindo nyembamba hadi kina cha sentimita 2 na nusu. Mashine ya kukatia haifai, kwani humega kingo za jiwe. Osha vumbi, lowesha, kisha jaza kwa chokaa 1 na mchanga 3. Ukuta wa nje unaopigwa sana na mvua unaweza kuvumilia saruji 1, chokaa 1 na mchanga 6. Saruji 1 kwa mchanga 3 ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, na ukuta ukicheza, litakalopasuka ni jiwe. Funika kwa magunia mabichi siku kadhaa. Mafundi wengi hulalamika kwamba chokaa inachelewa kushika, nao wana haki. Kazi hii haifai kupangwa wiki ya mwisho ya likizo.

Nyufa zinahitaji subira zaidi. Ufa wa ngazi unaopanda kutoka pembe ya dirisha, mpana juu na mwembamba chini, huashiria kona ya jengo inazama. Weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zake, au gundisha kipande chembamba cha kioo kukatiza ufa. Kioo kikivunjika, ukuta unatembea. Fuatilia kiangazi na mvua zote kabla ya kuamua. Juu ya udongo mweusi, mara nyingi kinachohitajika ni kuweka unyevu usibadilike: ukanda wa zege au mawe wenye upana wa mita 1 kuzunguka jengo, ukiinama kuelekea nje; bomba linalovuja kandokando lizibwe; mkaratusi uliopandwa mita mbili kutoka ukutani utafutiwe mbadala. Kuziba ufa kwa saruji kabla ya hapo ni kuficha ushahidi, na mvua inayofuata itaufungua sentimita chache pembeni.

Paa lina mtego wake. Vigae vya Mangalore huingia takriban 15 kwa mita mraba na kila kimoja huzidi kilo 2, kwa hiyo paa letu la mita mraba 160 linabeba karibu tani 5. Uzito huo ndio unaolishikilia. Shule ikivua vigae na kuweka mabati mepesi ya geji 30 juu ya kenchi zile zile, upepo wa kwanza hulikamata paa kwa chini na kulinyanyua. Kenchi lazima zifungwe ukutani kwa vyuma, jambo ambalo halikuhitajika awali na ambalo wakandarasi hulisahau mara nyingi.

Kwa mapaa ya asbesto, yaliyoenea miaka ya 1950 hadi 1970, hatuna huruma ya kihistoria: yaondolewe. Lakini yasiondolewe na wazazi wenye nyundo siku ya Jumamosi. Karatasi zisivunjwe wala kukatwa kwa msumeno, ziloweshwe maji, zifunguliwe parafujo moja moja, zifungwe kwa nailoni nzito na kupelekwa mahali palipoidhinishwa, kazi ifanywe na mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Watoto wasiwepo. Kupiga picha na kupima paa kabla ya kulishusha hakuongezi hatari yoyote.

Kama ukarabati ni rahisi hivi, mbona haufanywi? Kwa sababu fedha za ujenzi wa shule zinapenda uzinduzi. Darasa jipya la NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, hupata kibao, utepe na picha ya mbunge. Gata lililozibwa halizinduliwi na mtu. Mwalimu mkuu akiomba fedha za kubandua plasta ataambiwa asubiri. Akiomba madarasa mapya, na kwa ajili hiyo akakubali la zamani livunjwe, mkandarasi huja muhula huo huo. Hatusemi walimu wakuu hawajali. Wanafuata mkondo wa pesa.

Tunakiri pia kwamba msongamano ni wa kweli. Elimu ya msingi bila malipo ya Januari 2003 ilijaza madarasa kupita kiasi, na tangu 2023 shule za msingi zinabeba sekondari msingi juu ya mgongo ule ule. Viwango vya usalama vya wizara vya 2008 vinataka chumba cha mita 7.5 kwa 6 kisizidi watoto 40 wa madawati ya wawili wawili, milango ifunguke nje, na madirisha yasiwe na vyuma. Safu nyingi za zamani hukaribia vipimo hivyo, na dari zake huwa za juu kuliko za leo, kwa hiyo hazina joto. Kugeuza mlango ufunguke nje na kutoa nondo za dirisha ni kazi ya fundi wa kuchomelea vyuma, wala haihitaji tingatinga. Lakini kiwanja kikiwa kidogo na watoto 2,000, safu moja ya chini haiwezi kushindana na ghorofa tatu. Yapo majengo yatakayovunjwa, na mengine yanastahili kuvunjwa.

Sheria haituzuii kuwa na akili katika kuchagua. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inampa Waziri, baada ya kushauriana na Makumbusho ya Kitaifa, uwezo wa kutangaza mnara wa kumbukumbu kupitia gazeti rasmi, na inasema jengo linaweza kuwa la umri wowote mradi lina maana ya kihistoria, kitamaduni, kiusanifu au ya namna nyingine kwa binadamu. Haikudai matao. Darasa la bati lenye historia linaingia humo sawa na varanda ya Baker. Kinachokosekana ni mtu wa kupeleka faili lenye michoro, picha na tarehe zilizothibitishwa.

Faili hilo lina kazi nyingine ambayo huenda ikazishawishi bodi kuliko historia. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi za umma zilivyogawiwa kinyume cha sheria, na Januari 2015 nchi iliona watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road wakirushiwa vitoa machozi wakitetea uwanja wao. Shule nyingi za umma hazina hati. Shule iliyobomoa madarasa yake ya kwanza bila kuyapima wala kuyapiga picha imetupa ushahidi kwamba ilikuwa pale, ikitumia kiwanja kile, miaka mingi kabla mwenye hati mpya hajatokea. Picha ya angani yenye paa lako ndani yake, pamoja na sajili ya mwaka ule, ni maneno mazito mbele ya mahakama ya ardhi.

Kwa hiyo tunapendekeza sharti moja liingizwe kwenye masharti ya fedha za ujenzi, iwe za NG-CDF au za wizara: jengo la shule lisivunjwe kabla halijarekodiwa. Kwa safu ya madarasa manne, watu wawili wenye futi ya mita 30, ngazi na simu yenye kamera huimaliza kwa siku moja. Wapime urefu, upana na umbali wa kona hadi kona ya mkabala wa kila chumba, maana bila umbali huo mchoro hautafunga. Wapige picha kila ukuta kwa kunyooka, kijiti chenye alama za sentimita kikiwa kimesimamishwa kando. Wapande darini wapige kenchi, viungo vyake na mihuri ya mabati au vigae. Wachukue kipande cha chokaa na kigae kimoja kizima. Mchoro wa kipimo cha 1 kwa 50 unatosha. Nakala moja ibaki shuleni, nje ya stoo yenye mchwa, na nyingine ipelekwe Makavazi kabla ya mkandarasi kulipwa malipo ya awali.